Njia ya vyungu yapita uani kwa baba mkwe

Jumamosi alfajiri, Anyes Hebroni amesimama ndani ya ziwa, maji yamemfika magotini, kanga ameifunga kibwebwe, macho yake yako kwenye mtumbwi unaokuja taratibu kutoka upande wa Wakisi. Jua bado liko nyuma ya milima ya Livingstone. Hapa Lugombo, kitongoji cha ufukweni wilayani Kyela, jua huchelewa kwa sababu ya milima hiyo, lakini watu wa soko hawalisubiri.

"Mama mdogo, vuta kulia! Kulia! Hapo mbele kuna jiwe!" anapaza sauti.

Mwenye kasia ni Anyisile, mdogo wa mama yake. Nyuma yake wamekaa wanawake wengine wawili, na katikati yao vyungu vimepangwa vikashindiliwa majani makavu ya migomba. Wamevuka ghuba nzima bila chungu kugongana na chungu. Sasa nchi kavu iko karibu kabisa, na hapo ndipo wote wanaacha kuongea.

Wanashukia kwenye mlango wa kijito, na mlango wenyewe umejaa mawe. Mengine unayaona, mengine yamejificha chini ya maji yakikungoja. Mtumbwi ukigonga moja kwa nguvu, kazi ya wiki nzima inageuka vigae.

Mgeni lazima aulize: jamani, kwa nini washukie penye mawe? Maana hapo hapo, ukigeuza shingo tu, kuna mchanga laini wenye mteremko wa taratibu, mahali ambapo hata mtoto angeingiza mtumbwi. Jibu lake ni seng'enge. Imeanzia juu kwenye ukuta wa loji moja ya wageni, ikateremka mchangani, ikaingia hadi majini, na nguzo yake ya mwisho inapigwa na mawimbi. Juu yake kuna kibao: ENEO BINAFSI. HAKUNA KUPITA.

"Pale nimeshusha vyungu tangu nimeolewa," anasema Anyes, bila hata kukitazama kibao. "Sikuwahi kuvunja hata kifuniko. Leo nashukia kwenye mawe kama mwizi."

Mtumbwi unafika salama. Anyisile anapumua. Wanasalimiana kwa haraka, "Ugonile," "Ndaga," kisha kazi inaanza. Chungu kinatoka mtumbwini kwa mikono ya mmoja, kinapokewa na mwingine, mpaka kwa Anyes. Yeye hukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Kizima hulia vizuri, naye hutabasamu kidogo kila kinapolia.

Anyes ana miaka thelathini na minane na watoto watatu. Kwao ni ng'ambo ya ghuba, chini ya milima, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu tangu bibi za bibi zao. Yeye mwenyewe mikono yake haikupenda udongo. "Mama alinifundisha, akachoka, akasema huyu ataviuza," anasimulia, akicheka. Alipoolewa huku upande wa Wanyakyusa, kwenye mpunga na kakao, akawa ndiye mlango wa ndugu zake sokoni. Wao wanafinyanga na kuchoma, yeye anapokea na kuuza.

Biashara yenyewe si ya kujaza benki. Chungu cha kupikia ni shilingi elfu nne au tano, mtungi mkubwa unafika elfu kumi na tano. Wachuuzi wa Mbugani huja na pikipiki kununua kwa jumla, na wapo wanaovusha hadi Malawi kwa ndugu zao. Jumamosi ikiwa nzuri, baada ya kila mama kupata chake, Anyes hubaki na kama elfu thelathini. Ndiyo ada, ndiyo sabuni, ndiyo mafuta ya taa pale umeme unapokatika.

Vyungu vyote vikiwa nchi kavu, wanawake wanavipanga kwenye matenga, wanaweka ngata kichwani, wanapandishiana. Safari ya sokoni inaanza. Na hapa sasa ndipo pana kisa chenyewe.

Zamani walipita mchangani moja kwa moja, tambarare, mpaka sokoni. Leo mchanga una mwenyewe. Upande wa juu kuna majaruba ya mpunga yenye tope la kukuzamisha goti. Katikati ya ukuta wa loji na majaruba kumebaki njia moja tu kavu, na njia hiyo inakatiza katikati ya ua wa nyumba ya mzee mmoja mgane. Anaitwa Mzee Sedekia. Ni baba yake Eliud, mume wa Anyes.

Msomaji asiye wa huku atasema, si vizuri basi? Apite kwa baba mkwe, amsalimu, apewe na maji ya kunywa. Thubutu!

Kwa Wanyakyusa wa mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawatazamani, hawakai chini ya paa moja. Mwanamke akisikia mkwe anakuja njiani, huiacha njia, hugeuka, hujifunika kanga mpaka mzee apite. Ndiyo maana wazee walitaka kijana akioa ajenge mbali na baba yake, ili mke apate kupumua. Siku hizi wengi wameilegeza mila hiyo, hasa mjini. Lakini kwa Mzee Sedekia haijalegea, na kwa Anyes pia haijalegea.

"Nimeolewa miaka kumi na saba," anasema. "Sura ya baba mkwe siijui vizuri. Naijua miguu yake. Naijua na kikohozi chake, maana akikaribia mahali hukohoa kwa nguvu, nikimbie mapema. Ni mtu mwema sana. Hajawahi kunikoholea ghafla."

Wanawake wote wanacheka kwa hilo la kukohoa ghafla, lakini wanacheka kwa uangalifu, maana matenga yako kichwani.

Kuhusu namna mchanga ulivyopata mwenyewe, Anyes hapendi kusimulia, kwa sababu aliyeuza ni huyo huyo baba mkwe. Anayesimulia ni Eliud, mumewe, mtu mpole mwenye tope la mpunga kwenye miguu, ambaye katika kisa hiki amekuwa posta ya familia. Neno la baba kwenda kwa mkamwana hupita kwake, na la mkamwana kwenda kwa baba pia.

Miaka sita iliyopita mama yake Eliud aliugua figo. Safari za Mbeya zikawa haziishi. Akatokea mnunuzi kutoka mbali, akataka kiwanja cha mzee kilichoelekea ziwani. Mzee hakuwa na ubishi wa bei, alikuwa na mgonjwa. Mwaka ule ziwa lilikuwa limejaa kuliko kawaida. Maji yalikuwa yamemeza ufukwe wote na kugusa migomba. Wakasimama pale mashahidi, mnunuzi akauliza mpaka uko wapi, mzee akanyoosha mkono mbele yake akasema, "Hadi majini."

"Ndivyo tunavyosema huku," anaeleza Eliud. "Shamba la ziwani mpaka wake ni maji. Maana yake ni pale mimea inapokoma. Mchanga hakuna anayeuhesabu, ziwa linakuja linauchukua, linaondoka linauacha. Hakuna mzee wa hapa ambaye angefikiri kuna mtu atauhesabu kuwa wake."

Mama yake Eliud alifariki hata hivyo. Loji ikajengwa, nzuri, ya mawe. Kisha ziwa likaanza kurudi nyuma, kama linavyofanya siku zote, likaacha mchanga mpana. Na mwaka juzi, asubuhi moja, wakaja mafundi na nguzo. Walichimba mashimo wakiyafuata maji yalikokwenda.

Anyes anaikumbuka Jumamosi ya kwanza baada ya seng'enge kwa namna ambayo hadi leo inamtoa jasho.

Mtumbwi ulifika, wakakuta njia imefungwa. Wakahangaika, wakashukia kwenye mawe, vyungu viwili vikapasuka. Soko lilikuwa limeshaanza, wanunuzi wa pikipiki hawana subira. Wenzake wakamwambia, pitia kwa mzee, saa hizi yuko shambani. Anyes akasitasita. Akatuma mtoto wa jirani akachungulie. Mtoto akarudi akasema hakuna mtu.

Kulikuwa na mtu. Mzee Sedekia alikuwa nyuma ya banda la kuku, ameinama, anatafuta mayai.

Anyes akaingia uani na tenga la vyungu kichwani, akitembea upesi, pumzi ameibana. Mzee akainuka na mayai mkononi, akatokeza kwenye kona ya banda. Hawakuwa mbali hata kidogo. Mzee hakukohoa, maana hakujua. Na Anyes akafanya kile ambacho mwili wake ulifundishwa tangu akiwa bibi harusi: akageuka ghafla, akainama, akajivuta kanga usoni.

Mtu mwenye tenga la vyungu kichwani hageuki ghafla. Hainami. Vyungu vyote vilishuka kwa pamoja, na kishindo chake kilisikika hadi sokoni.

Mzee naye hakubaki. Alitupa mayai, akakimbilia kwenye kakao, akajikwaa kwenye mzizi, akaanguka chali. Kwa hiyo wakawa hivyo, mkamwana amepiga magoti juu ya vigae akilia ndani ya kanga, baba mkwe amelala kwenye majani ya kakao hathubutu kuinuka kwa sababu akiinuka ataonekana. Majirani walipofika hawakujua waanze kumwokoa nani.

"Watu walicheka mwezi mzima," anasema Anyes. "Hata mimi sasa hivi nacheka. Lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze. Si kwa ajili ya vyungu. Kwa ajili yake. Mzee mzima anaanguka nyumbani kwake mwenyewe kwa sababu yangu."

Jioni ile Eliud alikuja na kuku jike. Baba yake alikuwa amemtuma. Kwa mila, yule aliyeonwa na mwenzake hutoa kitu cha kuosha macho. Mzee alisema kosa ni lake kwa kutokohoa. Anyes naye akasema kosa ni lake kwa kuingia ua wa watu bila taarifa, akamrudishia jogoo. Eliud akabeba kuku kwenda na kurudi mpaka akachoka, akawaambia wote wawili kwamba safari nyingine atawapika hao kuku.

Jumamosi iliyofuata, Anyes aliazimia kuzunguka kwa barabara kuu, mwendo mrefu wa kuua shingo. Kabla hajaondoka, Eliud akaja mbio. "Baba anasema mpite kwake. Hayupo."

Wakapita. Ua ulikuwa umefagiliwa, kamba ya kuanikia nguo imefunguliwa ili isinase matenga, hata lile gogo la kukalia limesogezwa pembeni. Kiti cha mzee kilikuwa tupu. Moto jikoni ulikuwa bado unafuka. Alikuwa ameondoka muda si mrefu, bila kunywa chai.

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumamosi, kabla mtumbwi haujafika, Mzee Sedekia anachukua fimbo yake na kuondoka kwake. Vyungu vinapita. Jua likipanda, anarudi. Hakuna aliyemwomba. Hakuna hata aliyejua anakwenda wapi, na Anyes hakuuliza, kwa sababu mkamwana haulizi habari za nyendo za mkwe.

Alikuja kujua Aprili mwaka huu, mvua zilipokolea. Mvua ya Kyela mnaifahamu, ikishika haina adabu. Mzee alikuwa akienda kukaa kwenye kibaraza cha mashine ya kukoboa mpunga. Kwa kuwa Jumamosi mashine huchelewa kufunguliwa, alikuwa anakaa nje, mgongo ukutani, fimbo katikati ya magoti, mvua ikimpiga ubavuni. Mwenye mashine alimkuta Jumamosi moja anatetemeka, meno yanagongana, hawezi kusimama. Wakamfunika gunia, wakampeleka hospitali kwa pikipiki, mtu mmoja akimshikilia nyuma. Ikaonekana ni homa ya mapafu.

Hapa Anyes anaweka tenga chini, anajifuta uso kwa upindo wa kanga. Anyisile anamwambia kwa Kikisi maneno mafupi ambayo hayatafsiriwi kwa mwandishi.

"Iliniuma," anasema Anyes. "Iliniuma kuliko kitu chochote. Mtu amefiwa na mkewe, amebaki peke yake, ana nyumba yake aliyoijenga kwa mikono yake, halafu kila Jumamosi anakwenda kunyeshewa ili mimi niuze vyungu. Nikasema basi. Vyungu basi."

Jumamosi mbili hakuna mtumbwi uliovuka. Kule kwa Wakisi vyungu vilijaa ndani ya nyumba mpaka watu wakawa wanalala navyo. Anyisile, ambaye ana wajukuu wanne anaowalea kwa udongo huo, hakumlaumu. Alimtumia salamu tu kwamba wanamwombea mzee apone. Salamu hizo zilimchoma Anyes kuliko ambavyo lawama zingemchoma.

Kilichovunja mgomo wake kilitoka kitandani hospitali. Mzee alimuuliza Eliud, "Vyungu vimepita leo?" Eliud akajaribu kukwepa. Mzee akauliza tena. Ndipo Eliud akamwambia kwamba mkewe ameacha.

"Ebo! Alikasirika mpaka muuguzi akaja," anasimulia Eliud. "Akasema, nani kamwambia nimechoka? Mwambie apitishe vyungu. Mimi nikitoka hapa nitajua pa kukaa. Ila mwambie mwenye mashine aweke bati pale kibarazani, pananyesha."

Bati liliwekwa. Vijana wa kitongoji walilipigilia bila kudai hata soda.

Wapo wanaoona jambo hili lote ni la kujitakia. Mchungaji wa kanisa lao, mtu mwenye nia njema, aliwafuata wote wawili kwa nyakati tofauti akawaambia kwamba Ukristo umeshawaweka huru na mambo ya kukimbiana, wasalimiane tu yaishe. Vijana nao wanasema hivyo hivyo, tena kwa kejeli. Mbona Bondeni kule wakwe wanakula meza moja na wake za watoto wao?

Mwandishi naye, akiri asikiri, alikuwa na swali hilo mdomoni. Anyes alilisikia kabla halijatoka.

"Najua unachotaka kusema. Watu wote wanakisema," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake ina ukali. "Sasa nikuulize. Hii heshima nilifunzwa na mama mkwe, marehemu, mwanamke aliyenipokea nikiwa sijui hata kupepeta mpunga. Ndivyo yeye alivyomheshimu mkwe wake. Kama mimi na mzee tungeamua wenyewe kuiacha, sawa, tungeiacha. Lakini tuiache kwa sababu ya waya wa mtu? Yeye kaufunga ufukwe, halafu sisi ndio tubadilike? Hapana. Aondoe waya wake."

Mwenye loji haonekani Lugombo. Wanasema yuko Dar es Salaam, anakuja mara moja moja na wageni. Anayeonekana ni Sylvester, msimamizi, kijana mwenye funguo kiunoni na uso wa mtu ambaye hakupata usingizi. Alikubali kuzungumza akiwa upande wake wa seng'enge.

"Mimi nimetumwa," anasema. "Siku moja mvua ilikuwa kali, nikawafungulia wale akina mama wakapita na vyungu vyao. Picha zikafika kwa bosi sijui kwa njia gani. Nikaambiwa nikirudia, kazi sina. Nina mtoto mdogo, kaka. Bosi anasema kanunua hadi majini, na maji yako pale."

Anaonyesha maji yalipo kwa kidevu, kisha anatazama chini.

Mwezi uliopita Yakobo, mwenyekiti wa kitongoji, aliitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Alieleza kwamba sheria, kama anavyoielewa, inataka mita sitini kutoka ukingo wa maji zisijengwe kitu cha kudumu, na kwamba ameomba wataalamu wa wilaya waje wapime. Sylvester alisimama akasema maneno yale yale ya hadi majini. Watu wakaanza kupiga kelele. Kuna aliyesema wazi kwamba wa kulaumiwa ni aliyeuza, kala hela, sasa wanateseka wengine.

Mzee Sedekia alikuwepo. Alikuwa ameketi mbele kabisa, akiwapa mgongo wanawake waliokaa nyuma kwenye mikeka, kwa sababu alijua mkamwana wake yumo. Anyes alikuwa amejifunika kanga kichwani hadi puani. Mzee akainuka na fimbo yake bila kugeuka.

"Miaka kumi na saba nilikuwa sijamsikia akiongea," anasema Anyes. "Nilikuwa namsikia akikohoa tu. Sikujua ana sauti nzuri vile."

Maneno ya mzee hayakuwa mengi. Walioyasikia wanayarudia karibu sawasawa.

"Aliyesema nimekula hela amesema kweli. Nilikuwa na mke mgonjwa, ningeuza hata mlango wa nyumba. Shamba nimeliuza, silidai. Lakini siku ile nilipoonyesha maji, sikuwa nauza pa kushukia mitumbwi. Pale alishukia baba yangu, wameshukia Wakisi, wameshukia watu wa Malawi wakiwa na mawimbi nyuma yao, na hakuna aliyewahi kuwauliza nani mwenye mchanga. Kitu ambacho si changu ningekiuzaje? Kama nilisema vibaya, nilaumuni mimi. Msiwafungie wenye vyungu."

Akakaa. Kisha, kama mtu aliyesahau jambo, akaongeza kwamba yeye kuondoka kwake Jumamosi si taabu, watu waache kumwonea huruma, huko mashineni anapata habari nyingi.

Watu wakacheka. Nyuma kwenye mikeka, Anyes alikuwa analia, na wanawake wawili wakamziba kwa mabega yao ili asionekane.

Baada ya hapo watu waliokuwa wakinyosheana vidole wakaacha. Wanawake wa vyungu na wauza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wamechanga nauli, na Eliud pamoja na Yakobo wamekwenda Kyela mjini kufuatilia wapimaji. Wameahidiwa kwamba watakuja mpunga ukishavunwa, njia zikikauka. Mwenye loji naye amesikia. Kwa simu amesema yuko tayari kuzungumza kuhusu kuacha upenyo siku za soko. Lugombo hawajui kama hiyo ni ahadi au ni namna ya kuwapoza. Yakobo anasema upenyo wa siku moja ni kuomba ruhusa ya kupita kwenye kitu chako, lakini anasema pia kwamba asingependa kuukataa kabla hajaushauri mkutano.

Saa nne asubuhi, sokoni, vyungu vimebaki vichache. Mchuuzi wa Mbugani amefunga kumi na viwili kwenye pikipiki yake kwa mpira, anavikagua mara ya mwisho, anashukuru kwa "ndaga fijo" na kuwasha. Anyisile na wenzake wamenunua chumvi na sabuni, wanataka kurudi kabla upepo haujaanza kuvuruga ziwa. Lakini hawaondoki. Wamekaa juu ya matenga matupu.

Wanamsubiri Eliud. Kurudi mtumbwini ni kwa njia ile ile ya uani, na mzee hawezi kurudi kwake mpaka wao wapite, na wao hawapiti mpaka wahakikishe kwamba hajatangulia kurudi. Kila Jumamosi, huku watu wanasubiri, kule mashineni mzee anasubiri, na Eliud anakimbia katikati.

Eliud anafika akihema. "Bado yuko mashineni. Piteni sasa."

Wanawake wanainuka. Anyes anajitwisha matenga yaliyopandishwa moja juu ya jingine, anafunga kanga vizuri. Mwandishi anamuuliza swali ambalo waandishi huuliza mwishoni, kwamba wapimaji wakija na mambo yakienda vizuri, ana mpango gani na biashara yake. Labda kibanda? Labda mkopo, vyungu vingi zaidi?

Anafikiri huku akianza kutembea. Kibanda angekipenda, anasema, cha bati, apange vyungu visinyeshewe. Hilo lipo. Lakini anasimama, anageuza uso upande wa mashine ya mpunga, ambako kutoka hapa hakuonekani mtu.

"Mimi nataka mzee akae kwake Jumamosi," anasema. "Aamke muda anaotaka. Anywe chai yake pale kwenye kiti chake, polepole, mpaka iishe. Na mimi niwe nimepita zangu kule mchangani, mbali, wala asinione."